Anza na siku yako, mazoezi yafuate

Kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi vya Unguja na Pemba hutoka kwa pamoja kuadhimisha siku ya mazoezi. Barabara hujaa jezi za kila rangi, wazee kwa vijana wanakwenda mchakamchaka, mmoja anaimba na wengine wanaitikia. Wengi huondoka hapo na nia ya kweli: nitakimbia kila alfajiri, nitajiunga na jimu, nitaacha kupanda gari kwa safari za karibu. Watafute watu hao hao mvua za masika zinapokolea, utakuta wengi washaacha zamani.

Wanaoacha hujiita wavivu. Sikubaliani nao. Mama anayeamka saa 10 usiku kuchoma vitumbua vya kuuza si mvivu, wala kijana anayeendesha bodaboda tangu asubuhi mpaka saa 4 usiku. Kilichowashinda ni ratiba iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mwengine, mara nyingi kijana asiye na mtoto, mwenye mshahara wa mwezi, anayetoka kazini saa 9 na nusu na jioni yote ikawa yake. Chukua ratiba ya mtu huyo umpe mama wa Fuoni mwenye watoto wanne na genge la mboga, haitamaliza wiki mbili.

Napendekeza tuanzie upande wa pili: tuitazame siku ya mtu kwanza, halafu ndiyo tutafute mazoezi yanayoingia humo. Ila kabla ya kufika huko inabidi tujue mwili wenyewe unadai nini, maana hapo napo pana maneno mengi.

Kiasi kinachotakiwa

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya. Kwa mtu mzima wa miaka 18 hadi 64 linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kiwango cha kati, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, au kuchanganya yote mawili. Juu ya hayo kuna mazoezi ya kuimarisha misuli, angalau siku 2 kwa wiki. Aliyefika miaka 65 anaongezewa mazoezi ya kujimudu asianguke, siku 3 au zaidi. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanatakiwa wapate wastani wa dakika 60 kila siku.

Dakika 150 zinatisha mpaka uzigawe. Kwa siku 7 ni kama dakika 22, yaani kutoka Darajani kwa miguu, ukapita Mnazi Mmoja mpaka maeneo ya Maisara bila kuzembea njiani.

Kuna badiliko moja ndani ya mwongozo huo ambalo halikutangazwa vya kutosha huku kwetu. Mwongozo uliotangulia, wa 2010, ulisema mazoezi ya moyo na mapafu yafanywe kwa vipande vya dakika 10 au zaidi. Mwaka 2020 sharti hilo likaondolewa. Dakika 3 za kupanda ngazi za maghorofa ya Michenzani zinahesabika. Dakika 5 za kuwahi gari zinahesabika. Kwa mtu ambaye siku yake imekatikakatika, hili ni jambo kubwa, kwani linamwondolea dhana kwamba asipopata saa nzima basi bora asifanye kabisa.

Na hatua 10,000? Idadi hiyo haikutoka hospitali wala maabara. Ilianzia Japani katika miaka ya 1960, baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, pale kampuni moja ilipouza kifaa cha kuhesabia hatua chenye jina la “kipima hatua elfu kumi”. Namba ilikuwa nzuri kutamka, ikaenea dunia nzima. Tafiti zilizokuja baadaye zinaonesha kuwa faida huanza mapema zaidi, na kwamba mtu anayetoka hatua 3,000 kwenda 6,000 anapata faida kubwa hata kama hiyo 10,000 hataifikia maisha yake yote.

Sasa, kiwango cha kati ni kipi? Huhitaji saa ya kupima mapigo ya moyo. Zungumza huku unakwenda. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kiwango cha kati. Ukitoa maneno mawili matatu kisha unatafuta pumzi, umeingia kwenye makali. Ukiweza kuimba beti nzima bila taabu, bado unatembea tu. Watazameni waimbishaji wa mchakamchaka: anayeongoza huimba mstari mfupi, kisha anapumua wakati wenzake wanaitikia. Siku kundi zima linapoimba kwa raha kutoka mwanzo hadi mwisho, mwendo huo ni wa sherehe, na kocha anayejua kazi yake atauongeza.

“Kazi yangu yenyewe ni mazoezi”

Kauli hii utaisikia bandarini Malindi, utaisikia sokoni Mwanakwerekwe, utaisikia shamba. Ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo una mipaka.

Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jeremy Morris, na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kutwa, na makondakta walipanda na kushuka ngazi za basi kukata tiketi. Makondakta walipata maradhi ya moyo kidogo zaidi kuliko madereva, na waliopata hawakufa kwa wingi ule. Ni moja ya tafiti za mwanzo kabisa zilizoonesha kwa hesabu kwamba kukaa kunaua. Sifa ya Morris ni kwamba hakujiridhisha haraka. Yeye na wenzake walirudi kuangalia vipimo vya sare za kazi, wakakuta madereva walikuwa na viuno vipana zaidi hata walipokuwa vijana wanaoanza kazi. Kwa hiyo sehemu ya tofauti ile ilikuwepo kabla ya basi. Pamoja na hayo, fikra yake kuu imesimama mpaka leo, na kwenye daladala zetu unaweza kuiona kwa macho: utingo anaruka, anapakia magunia, anakimbia kulidandia gari likishaondoka, na dereva yuko palepale tangu asubuhi.

Lakini chukua hamali anayesukuma gari la mkono kutwa nzima. Tafiti za miaka ya karibuni, nyingi zikiwa za Denmark na jirani zake, zimekuta kwamba wanaume wa kazi nzito za mwili hawapati kinga ile wanayoipata wanaofanya mazoezi wakati wa mapumziko yao, na baadhi ya tafiti zimewaona wakiwa katika hatari zaidi. Ubishi haujesha, kwa sababu watu hao pia mara nyingi wana kipato kidogo na wanavuta sigara zaidi. Hata hivyo maelezo yanayotolewa yanaingia akilini. Mazoezi hupandisha mapigo ya moyo kwa muda mfupi, kisha mwili unapumzika na kujijenga. Kazi nzito huyaweka mapigo na presha juu kidogo kwa saa nyingi mfululizo, na anayefanya kazi hiyo hachagui lini apumzike. Anarudi nyumbani amechoka, na moyo wake haukupata ule mpando na mshuko unaoujenga.

Mfano ulio bora zaidi kwetu ni mkulima wa mwani. Kilimo hiki kilianza kwa biashara pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Mtazame mmoja akiwa Jambiani maji yameondoka. Ametembea mbali mpaka kwenye shamba lake, amejiinamia, miguu imo majini, anafunga mche mmoja mmoja kwenye kamba iliyotandwa baina ya vijiti, na ataendelea hivyo mpaka maji yarudi. Akivuna, anabeba au anaburuza gunia lililolowa. Mgongo na mabega yake yanajua kazi hiyo. Ukimwambia akimbie kila asubuhi utamwonea.

Anachohitaji yeye ni kile ambacho kazi haimpi. Mgongo uliokaa umeinama kwa saa nyingi unataka kunyooshwa upande wa pili: alale chali juu ya mkeka, akunje magoti, nyayo chini, ainue kiuno, akishikilie kidogo, akishushe taratibu. Misuli ya matako na ya nyuma ya mapaja ndiyo inayoubeba mgongo, na zoezi hilo linaifikia. Kisha atembee kwa haraka akiwa amesimama wima, mikono mitupu, siku ambazo haendi baharini. Na siku hizo anazijua kuliko mtu yeyote. Wiki yake haiendi kwa Jumatatu na Jumanne, inakwenda kwa bamvua, siku ambazo maji hupwa na kujaa sana, na maji mafu, siku ambazo hayasogei sana. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji yanatoka mbali na kazi ni nyingi, basi anyooshe mgongo tu jioni. Maji mafu yakija, ndipo aweke matembezi yake. Mvuvi naye ni hivyo hivyo. Sijaona mwongozo wa mazoezi ulioandikwa kwa kalenda ya bahari, lakini kwa watu wa pwani yetu hiyo ndiyo kalenda ya kweli.

Kuipima siku

Chukua karatasi. Andika siku tatu za kawaida kama zilivyokwenda hasa, usiandike unavyotamani ziende. Weka kwanza vitu visivyosogea: saa ya kuingia kazini, watoto kwenda skuli na chuoni, saa maji ya mfereji yanapotoka mtaani kwenu, kupika, kufunga duka. Kinachobaki ndicho ulichonacho. Watu wengi hukuta vipande viwili au vitatu vya dakika 10 mpaka 20 ambavyo walikuwa wanavimaliza kwenye simu.

Halafu kifunge kipande hicho na jambo ambalo tayari hulikosi. Hapa sisi tuna neema ambayo watu wa nchi za mbali wanaitafuta kwa kengele za simu. Siku ya Mzanzibari imekwisha kugawiwa na sala tano, na kwa kuwa visiwa vyetu viko karibu na ikweta, Unguja kiasi cha nyuzi 6 kusini yake na Pemba kiasi cha nyuzi 5, urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Tofauti baina ya mchana mrefu na mchana mfupi haifiki saa moja. Mtu wa London akizoea kukimbia saa 11 jioni mwezi wa Juni, Disemba inamkuta gizani. Wewe ukisema “baada ya Alfajiri” au “baada ya Alasiri”, umejiwekea saa itakayokaa palepale miaka yote.

Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London walitoa matokeo ya watu 96 waliojitahidi kujenga tabia moja mpya kila mmoja, wakiifunga na jambo la kila siku kama vile chakula cha mchana. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka tabia ikaanza kujiendesha yenyewe. Ila wastani huo unaficha mengi, maana makadirio yalianzia siku 18 na kufika siku 254. Jambo jepesi kama kunywa maji lilishika mapema, na mazoezi yalichukua muda mrefu zaidi. Waligundua pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Hili la mwisho ningependa kila aliyewahi kuacha alisikie, kwa sababu wengi wetu tukikosa Jumanne tunaona wiki imekufa.

Sasa tazama siku mbalimbali. Mwenye duka la nguo Darajani anafungua asubuhi na anafunga Magharibi. Hawezi kutoka. Lakini baina ya Alfajiri na kufungua duka ana saa moja na zaidi, na Ijumaa au Jumapili ana nafasi ndefu. Tafiti zilizofuatilia watu wengi kwa miaka mingi zimeonesha kwamba wanaokusanya dakika 150 zao ndani ya siku moja au mbili za wiki hupata kinga inayokaribia ile ya wanaozigawa wiki nzima. Kwa hiyo matembezi marefu ya Jumapili hayapotei. Tahadhari iko kwa maveterani wa mpira: mtu wa miaka 45 aliyekaa siku sita, akaingia uwanjani na kufukuzia mpira kwa kasi bila kupasha mwili, ndiye anayepasua msuli wa nyuma ya mguu. Atembee siku mbili za katikati, apashe mwili dakika 10, ndipo acheze.

Mfanyakazi wa ofisi ana tatizo jengine, kiti. Akae saa saba, kisha akakimbie nusu saa, bado zile saa saba zimemdhuru. Akipeleka faili kwa mkono badala ya kumtuma mtu, akishuka gari kituo kimoja kabla, na akisimama kila baada ya nusu saa, amefanya nusu ya kazi kabla hajavaa raba. Wa Pemba wana bahati ya vilima. Mji wa Mkoani umekaa mtelemkoni, na kupanda kutoka bandarini mpaka juu kunakutoa kiwango cha kati na kukuingiza kwenye makali bila kukimbia hata hatua moja. Mjini Unguja pametandaa, kwa hiyo ngazi ndizo vilima vyetu.

Na mzee anayekaa barazani, akacheza bao au dhumna mpaka usiku? Simwambii aache, maana kukutana na watu nako ni afya. Namwambia achague baraza ya mbali. Kama kahawa iko mlangoni kwake, akainywe mtaa wa tatu, aende kwa miguu na arudi kwa miguu.

Wanawake, sitara na usalama

Ushauri mwingi wa mazoezi unasahau kwamba nusu ya watu wana swali la ziada: wapi, na nani ananitazama? Swali hilo ni la heshima na linastahili jibu la kweli, kuliko kuambiwa tu “jiamini”.

Vikundi vya mazoezi vimekuwa jibu kubwa. Dada anayetoka peke yake saa 11 na nusu alfajiri ana hofu ya giza, ya mbwa na ya maneno ya watu. Akitoka na wenzake kumi wa mtaa, wote wamevaa suruali pana, fulana ndefu ya mikono mirefu na mtandio mwepesi, mtaa unazoea ndani ya wiki chache. Kitambaa kina umuhimu wake. Buibui zito jeusi linazuia jasho kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Pamba nyepesi au kitambaa cha jezi kinasaidia, na nguo isiyoburura inaepusha kujikwaa.

Asiyeweza kutoka ana ua. Ana paa, ana chumba, ana mlango wa kufunga. Kuruka kamba uani dakika 5 ni kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kufua kwa mikono, kupiga deki na kutwanga nako kunahesabika mradi mapigo ya moyo yanapanda na pumzi inakuwa fupi, jambo ambalo wanawake wengi hawaambiwi. Wanahesabiwa kuwa hawafanyi mazoezi kumbe sehemu ya dakika zao 150 washaimaliza kabla ya saa 4 asubuhi. Kinachobaki kwao, mara nyingi, ni nguvu za misuli.

Mkeka mmoja unatosha

Nguvu ndiyo sehemu inayosahaulika kuliko zote. Watu wanatembea, wanakimbia, wanaona wamemaliza. Lakini kuanzia miaka ya 30 misuli ya binadamu huanza kupungua taratibu asipoitumia, na upungufu huo unaongeza kasi uzeeni. Unauona kwa bibi aliyekuwa akisali wima, kisha akaanza kushika ukuta anapoinuka kutoka kwenye sijda, kisha akahamia kwenye kiti. Magoti huuma kwa sababu nyingi, lakini paja dhaifu linalitwisha goti mzigo usio wake, na kuimarisha misuli ya paja ni katika tiba zinazotolewa kwa goti lililochakaa. Kwa mtu wa miaka 55 lengo la kuinuka kutoka sijda bila kushika kitu ni zuri kuliko lengo lolote la kilo.

Huhitaji jimu kwa hili. Dumu la lita 5 lililojaa maji ni kilo 5, na ukitaka jepesi unapunguza maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Tandika mkeka, weka kiti imara kikiegemea ukuta. Kaa kwenye kiti, inuka bila kutumia mikono, kaa tena polepole mara 10. Kushuka polepole ndiko kunakojenga, kwa hiyo usijiangushe. Kisha simama mbele ya ukuta, hatua moja nyuma, viganja ukutani, ujisogeze na kujisukuma mara 10. Hizo ni pushapu za ukutani, na zikiwa nyepesi hamia kwenye ukingo wa meza, halafu kwenye kiti, halafu chini. Shika dumu kwa kila mkono, inama kidogo mgongo ukiwa umenyooka, vuta viwiko nyuma kama unayepiga makasia. Malizia kwa kulala chali na kuinua kiuno, kama yule mkulima wa mwani. Rudia mzunguko mara 2 au 3. Ni dakika kama 20, siku 2 kwa wiki zisizofuatana. Mara 2 za mwisho katika kila 10 zinatakiwa ziwe ngumu kweli. Zikikujia kwa wepesi, jaza maji zaidi.

Mzee aongeze kusimama kwa mguu mmoja, mkono ukiwa karibu na mwimo wa mlango, sekunde 10 kila upande.

Sukari, presha na mambo ya kujihadhari

Kisukari na presha vimeingia karibu kila nyumba, na hapa mazoezi yana kazi ambayo haihusiani na unene. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini ni chache au haifanyi kazi vizuri, na athari hiyo huendelea kwa siku moja hadi mbili. Ndiyo maana mwenye kisukari hushauriwa asipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Ndiyo maana pia matembezi ya dakika 10 au 15 mara baada ya kula sahani ya wali au bakuli la urojo yana faida kubwa kuliko muda wake. Sukari inapanda, na miguu inaitumia wakati inapanda. Familia ikila saa 2 usiku, kizunguko cha mtaa baada ya Isha kinaingia pale pale.

Ukitarajia kupungua uzito kwa kutembea tu, utavunjika moyo, kwani chakula ndicho chenye sauti kubwa katika uzito. Presha, sukari, usingizi na moyo hunufaika hata mzani usipotikisika.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aende na tende au sukari mfukoni, ajue dalili za kushuka kwake: kutetemeka, jasho la baridi, kuchanganyikiwa. Avae viatu vilivyofunika vidole badala ya ndara, na akirudi akague nyayo, maana anaweza kuumia asihisi. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au kukosa pumzi kusikoeleweka ni sababu ya kusimama papo hapo na kwenda hospitali. Mwenye maradhi ya moyo, presha isiyotulia au ujauzito azungumze na daktari kabla ya kuanza makali. Kutembea kwa utulivu kwa kawaida hakukatazwi, lakini aulize.

Kaskazi, masika na Ramadhani

Ratiba ya mwaka mzima lazima ikubali majira. Kaskazi kuanzia Disemba mpaka Februari kuna joto na unyevu. Hewa ikiwa imejaa mvuke, jasho linatiririka bila kukauka na mwili unachemka, kwa hiyo mwendo ule ule unakuwa mzito zaidi. Punguza kasi, kunywa maji kabla ya kiu, jiepushe na jua kuanzia saa 4 asubuhi mpaka Alasiri. Mwili unazoea joto ndani ya wiki moja au mbili ukiupa muda. Na tazama, vuguvugu lile la Januari linaangukia joto lenyewe, tena watu wanaanza kwa kasi. Masika inapoingia njia zinajaa maji, basi ndiyo miezi ya mkeka na madumu ndani ya nyumba. Kusi, mwezi wa Juni mpaka Agosti, kuna upepo na ubaridi, na aliyetaka kujifunza kukimbia hawezi kupata wakati bora kuliko huo.

Ramadhani wengi huacha kabisa, kisha Shawwal hawarudi. Mwezi huo lengo ni kutunza ulichonacho, na hicho hakitaki mengi. Pumzi hupungua ndani ya wiki chache za kukaa, nguvu za misuli hukaa muda mrefu zaidi. Matembezi ya dakika 20 hadi 30 yanayomalizika adhana ya Magharibi ikikaribia yanafaa kwa aliye mzima, kwa kuwa maji na futari viko mbele yake. Mazoezi ya nguvu yaje baada ya tarawehe, mara 2 kwa wiki, mzunguko mmoja badala ya mitatu. Makali ya mchana yaachwe, na mwenye kisukari anayefunga asiongeze mazoezi bila kuzungumza na daktari wake. Sikukuu ikipita, anza na nusu ya ulichokuwa ukifanya Shaabani, nusu ya muda na nusu ya uzito kwenye dumu, kisha ongeza kidogo kila wiki. Mwezi mmoja utakurudisha ulipokuwa.